Kopo la Udongo Kando ya Bomba

Jumanne, 8 Julai
Nimefagia ua, nimewapa kuku pumba, nimemwaga makoko ya wali nyuma ya banda. Bibi Afya, mbwa wetu, hakuja. Si kawaida yake. Mwanangu Salim alimpa jina hilo kwa sababu haachi taka uani.

Nimemkuta ndani ya banda la mbuzi, juu ya gunia. Amezaa wanne. Macho wameyafumba, masikio yamegandana, wanatambaa kwa tumbo. Nimetazama kwa mbali. Sijapata kumgusa mbwa tangu nizaliwe, na miaka sitini na moja si umri wa kuanza.

Mbwa alikuwa wake Salim. Alimleta alinde mbuzi. "Wa mifugo hana neno, mama." Kila akimshika alinawa mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini itakavyo, na udongo wenyewe aliuchekecha akautia kwenye kopo la maziwa kando ya bomba. Salim alifariki Januari, ajali ya barabarani. Mbuzi tuliwachinja arobaini yake. Kopo liko palepale. Sijalifungua.

Alhamisi, 10 Julai
Shemeji Athumani, baba yake mdogo Salim, amepita baada ya alasiri. Amewaona.

"Shemeji, mbuzi hawako tena. Mbwa wa nini? Malaika hawaingii penye mbwa."

Nikamwambia kuku nao ni mifugo. Hakucheka. Neno lake limenikaa rohoni.

Ijumaa, 11 Julai
Banda linanuka, na Ijumaa watu huja kunijulia hali. Mimi ni mtu wa usafi, Jomvu nzima yajua. Afya alipotoka kwenda jaani nimelivuta gunia kwa mti, nimelitupa. Vijibwa nimevisukuma pembeni kwa ufagio. Ndoo sita za maji na sabuni ya unga. Sakafu ikatakata.

Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kipupwe. Walilia sauti nyembamba. Nikadhani njaa. Nikaingia ndani kupika chai.

Jumamosi, 12 Julai
Watatu wamekufa.

Mama Njeri, jirani yangu wa bara, alisikia Afya anavyolia akaja kabla ya zamu yake ya kiwandani Changamwe. Kwao wamefuga mbwa miaka yote. Amegusa sakafu, amenitazama. Mtoto wa mbwa wiki mbili za mwanzo hana joto lake mwenyewe, asema. Joto lake ni mamake na mahali pakavu. Hata kutetemeka bado hajui.

"Mama Salim, hakuna aliyekuambia."

Hakuna. Lakini Salim alipokuwa mchanga nilimwogesha maji ya vuguvugu nikamfunika kanga mbili. Hilo nilijua, na ni mimi niliyewaua.

Kabaki mmoja, mweusi, mguu mmoja mweupe. Hanyonyi. Anatakiwa kushikwa hadi kwenye ziwa la mamake, na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa ubavuni. Mama Njeri ana kazi. Basi ni mimi.

Nimemshika. Mwepesi kuliko mkate wa mofa. Kisha nikalifungua kopo. Juu ya udongo, alama za vidole vya Salim, alipochota mara ya mwisho. Nimechota pembezoni.

Jumatatu, 14 Julai
Namshika mara tano kwa siku, sawa na swala. Ananyonya kidogo. Nanawa. Mikono imepauka kwa maji.

Mama Njeri atamchukua akifika wiki nane. Nimekubali upesi, Athumani asije akarudi na maneno yake. Aishi tu. Kitu cha mwisho cha Salim kisifie mikononi mwangu.

Jumapili, 20 Julai
Jicho moja limefunguka, mwanya mwembamba. Jioni, la pili. Mama Njeri asema bado haoni sawasawa, ukungu tu. Heri. Sina haraka anione.

Ijumaa, 25 Julai
Amesikia. Nilibandua kifuniko cha kopo, akageuza kichwa. Nikafunga, nikafungua tena. Akageuka tena. Nimecheka peke yangu.

Ndipo nikatazama ndani. Alama hazimo. Nimezichota na sijui ni siku gani. Nimelia palepale bombani, maji yakimwagika.

Jumanne, 5 Agosti
Anatembea, anaanguka, anatembea. Meno yametoka, sindano tupu. Amelishika pindo la kanga yangu hataki kuachia. Leo amebweka mara moja, akajishtua mwenyewe, akajificha nyuma ya mamake.

Udongo umefika nusu ya kopo. Najaribu kuchota kidogo. Usafi hauna ubahili, lakini leo nimekuwa bahili.

Jumatano, 20 Agosti
Ugali na mchuzi wa dagaa, anamaliza. Akimwendea Afya kunyonya, Afya anamngurumia. Mama Njeri asema ndivyo, humfundisha kujitegemea.

Mimi mwanangu sikumngurumia hata siku moja. Miaka ishirini na sita nilimpakulia mwenyewe. Akaondoka tu.

Jumatatu, 1 Septemba
Nimekwangua kopo kwa kijiko. Limekwisha. Bati linaonekana, na kutu kidogo chini.

Kesho wiki nane. Nimemfulia gunia la kwenda nalo. Nimelianika siku mbili mpaka likakauka kabisa.

Jumanne, 2 Septemba
Mama Njeri alikuja asubuhi na kikapu. Nilikuwa nimeyapanga maneno, yakanipotea. Nikamwambia sitaki kumtoa. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaketi akanywa chai. Kikapu kimerudi na mchicha.

Adhuhuri akapita Athumani. Alisimama kwenye banda kitambo. Aliokota ubao uliolegea akaupigilia misumari, akaenda zake.

Baadaye nimekwenda kwenye mihogo, pale Salim alipokuwa akichimba. Nimechukua udongo wa chini, mkavu. Nimeuchekecha kwa chekeche la unga, sasa sharti ninunue jingine. Nimejaza kopo mpaka juu. Mguu Mweupe alikaa kando akisikiliza. Nilipobandua kifuniko akaja.

Nimemshika. Nimechota katikati, nimenawa mara saba. Vidole vyangu vimeacha alama.

Nimefunika kopo. Nimetia udhu, magharibi imeingia.