Kadi ya Sauti na Salamu za Kaka

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Kirumba tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kama nami niliwahi kushindwa kuielewa kazi yangu. Mara nyingi tu.

Miaka ya tisini, nikiwa fundi kijana wa kompyuta, kaka yangu aliyekuwa masomoni ng'ambo alitutumia disketi yenye sauti yake. Mama akavuka ziwa kutoka Nansio kuja ofisini kwangu kuisikiliza. Kompyuta yangu ikawa bubu. Nilizijaribu spika kwenye redio, zikaimba. Nikachomoa kadi ya sauti, kile kibao cha ndani kinachoipa kompyuta sauti, nikaisafisha, nikairudisha: kimya. Nikaipachika kwenye kompyuta ya pili, ikalia vizuri! Kuirudisha kwenye yangu, kimya tena.

"Sasa mbona unaitoa huko inakosema?" Mama akauliza.

Nikaipeleka tena kule kwenye kompyuta ya pili, nikaweka disketi.

"Shikamoo, mama," sauti ya kaka ikatoka.

"Marahaba, mwanangu," Mama akaijibu mashine huku analia.

Ile kadi sijaielewa hadi leo. Ila nusura nimcheleweshee mama sauti ya mwanawe, kisa nataka kwanza kujua.

Bibi yako anayekuombea