Miche Uliyoing'oa Kimbiji

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Dk. Revelian Mutalemwa, tangu asubuhi ile ulipoanguka sebuleni Tabata ukijiandaa kwenda Kimbiji. Mkeo Tekla bado anakumiminia chai. Akishaimimina ndipo anakumbuka, basi anakaa anaitazama ikipoa.

Ulikuwa mtu mpole. Hatukumbuki umewahi kumfokea mtu. Ulinawa tope miguuni kwenye bomba la nje kabla ya kuingia ndani, hata mvua ikinyesha. Wauza samaki wa Buguruni walikujua. Wakikuona tu wanaanza kutaja wenyewe, "Dokta, tasi hawa wa Kimbiji, wale wa Mafia," kwa sababu hukununua samaki bila kuuliza alikotoka. Kanisani ulisinzia wakati wa mahubiri, na ukiguswa unaitikia "Amina" pasipo pake.

Kazi yako ilikuwa bahari ya pwani, mikoko na samaki wanaokulia humo. Ulisema nchi inayotaka watu wake waendelee kula kesho lazima ijue leo kinachoota kwenye tope lake. Hilo tulilielewa. Ndiyo maana lile la Kimbiji lilituchanganya, na linatuchanganya mpaka sasa.

Kulikuwa na sherehe kubwa ya kupanda miti, ngoma zikapigwa, akina mama wa kijiji wakapanda miche ya mikoko mistari kwa mistari kwenye tope la ufukweni. Uliwaambia waandaaji mapema kwamba pale si mahali pake. Hawakusikia. Siku chache baadaye, maji yakiwa yamekupwa, ukaonekana umeinama unaing'oa. Mtu akakupiga video. Tekla aliiona kwenye kundi la jumuiya. Noela, mwanajumuiya mwenzake, ndiye aliyeituma, na chini yake akauliza, "Mama Clara, huyu si mzee?"

Uliporudi alikuwa anakungoja mlangoni.

"Baba Clara, ni kweli?"

"Kweli."

"Wewe? Wewe uliyemkatalia mdogo wako Rogers kukata mpera uani?"

"Mama Clara, si kila penye tope pana mikoko. Pale pana majani ya bahari, tasi wachanga wanajificha humo. Ile miche inayafukia majani, na yenyewe haivuki masika. Tutakosa miti na samaki pia."

"Si ungewaacha waone wenyewe?"

"Sijui," ukasema. "Niliona majani yamefukiwa, mkono ukaenda."

Kazini wakakurudisha nyumbani ungoje kamati ya nidhamu. Hukunung'unika. Uliendelea kwenda Kimbiji kwa nauli yako, na watu walipomuuliza Tekla mumewe amepatwa na nini, aligeuza mazungumzo. Kukutetea alitaka. Ila mti ni mti, na wewe ndiye uliyetufundisha hivyo.

Kisha ukaondoka, kamati haijakaa. Msibani akaja mama mmoja kutoka Kimbiji, Mwanabaraka, na wenzake. Tulimtambua kwa sauti. Ndiye anayesikika kwenye ile video akipiga kelele, "Mzee, unatung'olea jasho letu!" Alilia kutushinda sisi wenye msiba. Hatukuelewa, na siku ile haikuwa ya kuuliza.

Wiki iliyopita Tekla akasema hawezi kusimama kwenye misa ya mwaka akiwa hajapaona. Akaenda na Clara, binti yenu, na Tahera, mtafiti mwenzako wa maabara. Mwanabaraka akawapokea.

Kwanza walifika kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa, pale ulipowashawishi wanakijiji wabomoe kingo ili maji yapite. Hukupanda hata mche mmoja. Mikoko imejiotea yenyewe, imesongamana mpaka huwezi kupenyeza mguu. Tekla akacheka peke yake.

Wakashuka ufukweni. Mistari ya ile sherehe imebaki vijiti vikavu, na katikati yake majani ya bahari yameanza kurudi.

"Kumbe alikuwa na haki!" Tekla akasema, machozi yakimlengalenga.

Mwanabaraka akamshika mkono akamvuta mbele zaidi, karibu na fungu la mchanga. Pale palikuwa na mstari mmoja umesimama, majani mapana, kijani kibichi.

"Na huu?" Tekla akamuuliza Tahera.

Tahera alizunguka, akachutama, akachokoa tope kwa kidole. "Sijui, shemeji. Alisema hautavuka masika. Umevuka ya mwaka jana, umevuka na ya mwaka huu."

"Kwa hiyo alikosea?"

"Kule, hapana. Hapa, labda. Kwa kweli bado sijui."

Ndipo Mwanabaraka akasema, "Mie nilimtukana, mama. Kesho yake akaja kwangu. Akabisha hodi, sikumjibu, akakaa barazani mpaka nikatoka. Akaniambia, 'Ukiona hata mmoja umesimama, niite. Kama nimekosea nataka nijue.' Masika yalipokwisha nikauona mstari huu. Nikapiga simu nimwambie aje. Aliyepokea akaniambia mzee amefariki asubuhi."

Clara anasema mama yake alishika jani la ule mkoko, asijue alichukie au alifurahie. Mstari ule ukisimama, basi wewe ulikosea. Ukikauka, akina mama hawa wamepoteza jasho lao. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakiwagusa vifundoni, naye hasogei.

Mwishowe akamgeukia Tahera. "Kwenye utafiti wenu, huu nao uuandike. Uandike alichosema, na uandike kwamba umesimama."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake. Angetaka hivyo."

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi asubuhi parokiani, kisha tutakaa pamoja nyumbani Tabata. Unakumbukwa na mkeo Tekla, wanao Clara na Stanley, mdogo wako Rogers na nyumba yake, ndugu wote wa Bukoba, wanajumuiya, Tahera na wenzako wa maabara, na Mwanabaraka wa Kimbiji, ambaye ameomba mwenyewe jina lake liwemo.

Tumebaki na maswali, Revelian, na wa kumuuliza ulikuwa wewe. Pumzika. Kukuelewa hatujamaliza, kukusahau, hatutakusahau.