Mti Usio na Ndugu

4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Goti limepoa? Mimi mzima, ila mafua hayaniachi. Kiyoyozi cha maabara kinavuma kutwa.

Lile tawi ulilobana katikati ya vipande vya boksi limefika salama. Ni la mti ule wa nyuma ya bafu, unaofungia kamba ya nguo, sivyo? Nusura nipige kelele! Kazi yetu ni kupanga miti ya msitu kwa koo zake: upi ndugu wa upi, na walitengana zamani gani. Upande wa mtoni kuna aina chungu nzima, lakini nyingi ni za ukoo mmoja. Mti wako hauna ndugu wala binamu. Ukoo wake wote umekwisha, umebaki huo na vichipukizi vyake. Na kampuni ya mbao imeomba kukata upande wako huo huo, eti una aina chache.

Nitumie maua yake.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanitesa nikikanyaga cherehani, lakini nadunda. Wewe kunywa maji ya moto, acha ubishi.

Kumbe miaka yote nilikuwa naanika mashuka kwenye shingo ya mheshimiwa! Kamba nimeshaifungua. Fundi viatu, jirani yangu, anapita akisema Shangazi kapata mchumba. Mwache acheke, meno ni yake. Maua hayo hapo. Yananuka kama soksi, usinilaumu.

Huyo mtu wa mbao asithubutu. Nyumba hii nilijenga na marehemu baba yako, udongo tuliukanyaga kwa miguu yetu. Sing'oki, na mti wako haung'oki.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya mno, nisamehe. Goti je?

Kampuni imenyimwa kibali. Mti umepona. Lakini eneo limekuwa hifadhi, mpaka unaanzia barabarani, na ndani ya hifadhi haruhusiwi kuishi mtu. Nyumba yako imo, na ya fundi viatu pia. Ramani niliichora mimi.

Hapa kazini ukiwa na jamaa kwenye eneo unalolipima, lazima useme, na unaondolewa kwenye kazi. Nikaogopa wataona napendelea na watautupa utafiti wote. Mkubwa wangu alipouliza kama kuna wakazi, nikajibu, "Wachache tu, hakuna shida." Nilidhani nitapata njia mbele ya safari. Sikupata.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mwanao


20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ilifika? Fundi viatu hapokei simu. Mwezi ujao tunakuja kuweka alama za mpaka. Silali vizuri.

Mwanao


8 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nipo. Nimepata chumba nyuma ya kinu cha kusaga. Cherehani imeingia, kitanda kimegoma mlangoni, nalala chini. Goti limenikomesha.

Siku mliyokuja na gari la ofisi nilikuona dirishani. Nikabandika chai, nikapangusa kiti, nikasema sasa hivi ataingia. Mkaupima mti, mkapiga nao picha, mkacheka. Kisha gari likawaka. Mlango wangu hukuugusa. Najua, uliogopa wenzako wasije wakajua mimi ni nani kwako. Chai niliimwaga.

Ngoja nikwambie, maana imenikaa kooni. Ungekuja mwanzoni, ukaketi, ukasema, "Shangazi, ni nyumba au mti," ningelia. Ningekutukana mpaka majirani watoke nje. Halafu ningefunga mizigo kwa mkono wangu, na kila ninayemshonea ningemwambia kwamba mti ule nimeuokoa mimi na mwanangu. Ningekubali, mtoto we! Lakini hukuniuliza. Ulinitia kwenye "wachache tu."

Chumba hakina namba. Ukifika kwenye kinu, uliza. Ila usije kabla hujawaambia hao wenzako unakuja kwa nani.

Shangazi yako