Meno ya Rukia Hayakutani

Wiyoni, Ijumaa

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Vipi mguu? Bado wafura ukisimama sana jikoni? Na kifua cha baba? Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi; wa moyo usiniulize. Ningekupigia simu huko Kiwayu, lakini nyumba yetu ndogo na Rukia husikia kila neno. Barua hii isome mwenyewe, usimpe kaka Athmani akusomee.

Unajua mjukuu wako anavyoipenda Qur'ani. Bi Zena, mwalimu wake wa chuo, alimwahidi kumpa darasa la watoto wadogo, mradi herufi zinyooke. Hazikunyooka. Sini yake hutoka kama thaa, 's' ikawa 'th', hata kwenye Al-Hamdu. Nami, Mama, nilidhani ni uvivu. Kila baada ya alasiri nilimkalisha mkekani arudie, arudie, mpaka machozi yamtoke, na mimi ndiyo kwanza nakaza sauti. Mwisho akaacha kabisa kusoma kwa sauti. Sasa hata akizungumza huziba mdomo kwa mkono.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta daktari wa meno. Wa kwanza, hapa mjini, kazi yake kung'oa na kuziba. Alimchungulia akasema meno mazima, twende zetu. Watu wakaniambia kuna mwengine wa kupanga meno, huja mara mojamoja kutoka Mombasa. Tulimngoja wiki sita. Pale kwake walijaa watoto: huyu meno yamepandana, yule ya juu yamechomoza nje ya mdomo. Wote wadogo. Rukia wangu wa miaka kumi na minane ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Daktari akamwambia akaze meno. Magego yakakutana, ya mbele yakabaki wazi, kidole chapita. Ulimi hutokea hapo, akasema, ndiyo maana sini haishiki. Arudie mara elfu, haitashika. Angeletwa mdogo, waya za meno zingetosha. Sasa taya limekomaa, labda apasuliwe, tena mbali, na hata hivyo hakuniahidi kitu. Rukia alipotoka nje, daktari akaniuliza, "Alikuwa akinyonya kidole? Mara nyingi ndicho kinachosukuma meno hivi." Nikamjibu, "Kidogo tu."

Kidogo tu, Mama! Ulimwona ana miaka mitano, kidole hakimtoki mdomoni. Ukakoroga shubiri umpake aache, nami nikakupokonya kibakuli nikakimwaga, nikasema wamtesa mwanangu, nikamchukua tukarudi Wiyoni. Mwaka mzima hatukusemezana. Naye akaendelea kunyonya mpaka miaka minane, nami namwangalia. Leo ndiyo najua nani alimtesa.

Njiani Rukia akanishika mkono. "Mama, mbona hamkunieta mapema?"

"Hatukuyua, mwanangu."

"Basi hapana mwenye makosa," akasema, akaniegemea begani, ananiliwaza mimi. Tangu siku hiyo ananihurumia.

Nisalimie baba, kaka Athmani, na shangazi anayekusaidia kazi za nyumbani. Rukia atakuja kwako wiki ijayo. Asema wewe ndiye mtu pekee anayemsikiliza bila kumsahihisha. Atakuuliza alikuwaje utotoni. Mwambie kila kitu, Mama. Mimi nimeshindwa.

Mwanao asiye na uso wa kukutazama,
Khadija