Jiwe Lenye Meno

Misunkumilo, Mpanda
Jumatano, 9 Julai

Mpendwa kaka Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Karema, wewe na wifi Evaline na watoto, na kwamba ziwa linawapa dagaa wa kutosha. Sisi tunapumua, ila usingizi umetukimbia. Naandika kwa sababu mambo haya hayasemeki kwenye simu. Siku hizi nikifungua mdomo uani, jirani anaacha kutwanga ili asikie vizuri.

Mwezi uliopita mafundi waliokuwa wanatuchimbia shimo la choo walitoa jiwe la urefu wa mkono wangu mpaka kiwikoni. Upande mmoja lilikuwa na meno, kaka, yamejipanga kama ya mbuzi. Mama alitaka lirudishwe ardhini siku hiyo hiyo, akisema kilichozikwa kimezikwa. Mimi na udadisi wangu, unanijua, nikalificha chini ya debe na kumpigia mwalimu Elias wa sekondari.

Mwalimu alisema huenda ni kisukuku, yaani mfupa wa mnyama wa kale uliogeuka jiwe. Akanipa kipimo: nilianike likauke, kisha niliguse kwa ncha ya ulimi. Jiwe la kawaida halishiki, lakini mfupa wa kale mara nyingi hunata. Asubuhi lilipokuwa limekauka kulikuwa na baridi, nikajifunika shuka la kijani la Mama, nikachuchumaa nyuma ya jiko na kuligusa. Likanata! Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba uzio wetu ni wa mabua.

Siku tatu baadaye Jeniffer, mtoto wa jirani, alivimba mwili mzima. Mama Jeniffer akatangaza kwamba alimwona kwa macho yake mwanamke mwenye shuka la kijani akilamba taya la mtu. Basi. Mama yetu ni mjane wa miaka sabini na nne, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni uliotulea mimi na wewe. Nani angetafuta ushahidi mwingine wa uchawi? Bombani wanaiondoa ndoo yake kwenye foleni. Kanisani alikaa benchi zima peke yake. Juzi tulikuta mipapai yote imekatwa, na karatasi mlangoni inayosema bibi ahame kabla ya Jumapili. Wewe mwenyewe unajua karatasi kama hiyo hufuatwa na nini.

Jana mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao. Mwalimu Elias yuko semina Inyonga na simu yake haipatikani. Mwenyekiti alimuuliza Mama kama ni yeye aliyelamba lile jiwe. Mama akajibu kwamba mara ya mwisho kula udongo alikuwa na mimba yako. Hakuna aliyecheka. Watu wakapiga kelele, kijana mmoja akainua panga. Mama akageuka, akanitazama.

Kaka, nikaangalia viatu vyangu. Neno moja tu lingetosha, nami nikalimeza. Niliogopa lile panga. Nikajiambia kwamba yeye ameshaishi, mimi nina watoto wadogo. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyowaza. Tangu jana hajaniuliza kwa nini.

Kesho asubuhi nampandisha basi la kuja kwako. Barua hii ataileta mwenyewe, kwenye pindo la kitenge. Ameniona nikiandika, akauliza ina habari gani, nikamwambia ni salamu tu. Kwa kuwa hajui kusoma, nakuomba umsomee yote, pamoja na pale kwenye viatu. Usiruke.

Basi likishaondoka, nitalitoa jiwe chini ya debe, maana hakuna aliyethubutu kuligusa, niende nalo kwa mwenyekiti. Nitalilamba mbele ya wote. Usiponipata kwenye simu Ijumaa, njoo uwachukue wanangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na umpokee Mama kwa chai ya moto. Akiulizia shuka lake la kijani, mwambie nimebaki nalo. Nitakwenda nimelivaa.

Mdogo wako,
Fausta