Nilisema kwa Sauti ya Mwenye Ardhi

Mama Nary mpendwa, naomba unisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana nimefanya jambo ambalo hata mume wangu halijui na limenikaa kifuani mwezi mzima.

Mimi nashona mikono ya jaketi katika kiwanda kimoja huku mkoani Kandal, na tangu walipoipandishia laini yetu ya mashine kiwango kutoka jaketi tisini kwa saa hadi mia na ishirini nikawa sili vizuri wala silali, kichwa kinagonga, nikisikia tu viatu vya msimamizi mikono inatetemeka, na joto la mwezi wa nne unalijua, paa la bati, feni mbili kwa watu mia tatu, na kusema nimechoka siwezi, mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu na anayelalamika hapewi mwingine. Basi Jumanne moja baada ya chakula Kolap, rafiki yangu wa mashine ya jirani, akaanguka puu, wakambeba kama gunia, msimamizi akasema, "Laini isisimame, huyo ataamka tu." Mama, magoti yakaniishia nguvu nikaanguka na mimi, hilo ni kweli kabisa, ila nilipokuwa pale chini nikaona wote wananitazama kwa hofu, ndipo nikapandisha mzimu. Yaani nilijifanya. Nikatoa sauti nzito, nikasema mimi ndiye neak ta, Babu mwenye ardhi hii, mmejenga juu ya kichwa changu bila hodi, na watoto wangu mnawakausha kama samaki, nataka upepo, nataka wapumzike.

Bwana Vuthy, meneja wa wafanyakazi, alipiga magoti pale pale sakafuni. Kesho yake ikaja sadaka ya kichwa cha nguruwe, kuku na ubani, kisha feni nane, na dakika kumi za kupumzika kila siku saa tisa alasiri.

Nilifurahi siku mbili. Sasa wenzangu wananishika bega wapate namba za bahati nasibu, na bibi Phon, mkubwa wetu sote, ananiwekea ndizi kwenye mashine na kuniinamia, mimi wa umri wa mjukuu wake. Halafu Jumatatu hii Vuthy akaniita ofisini, akafunga mlango, akanipa kahawa ya barafu. "Dada, tuna oda kubwa," akasema. "Jumamosi tunatoa sadaka nyingine. Tunaomba Babu apande, aseme ameridhika na laini ziende mia na hamsini. Wakisikia kwake hawatanung'unika." Nikamwambia Babu hapandi kwa kuitwa. Akacheka. "Tusidanganyane, dada. Akija, mkataba wako unakuwa wa kudumu. Asipokuja, wako unaisha mwezi huu."

Nifanyeje, Mama? Nikikataa sina kazi, nikikubali Kolap ataanguka tena, na ana mimba ya miezi minne. Na mwenye ardhi mwenyewe, si atanivunja shingo?

Mshona Mikono

Mshona Mikono, nakujibu haraka kwa sababu Jumamosi iko mlangoni. Majina nimeyabadilisha humu gazetini na kiwanda nimekihamisha wilaya, kwa hiyo acha kutetemeka.

Ulidanganya, binti yangu, na usinipambie. Bibi wa watu anakuinamia kwa uongo wako, hiyo ni aibu. Lakini mwili wako haukudanganya. Mtu asiyelala, asiyekula, anayetetemeka kwa sauti ya viatu, huyo anaumwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda zahanati kesho, uandikiwe cheti cha ugonjwa.

Kuhusu shingo: nunua ndizi na ubani, nenda kwenye kibanda cha mwenye ardhi peke yako, umwombe radhi. Mimi simwogopi kwa ulichosema mwezi uliopita, maana ulimsemea kuwalinda watu wake. Namwogopa kwa cha Jumamosi, ukimgeuza mnyapara.

Bibi Phon mrudishie ndizi zake, umwambie ukweli akiwa amekaa. Atakutukana. Vumilia, kisha mwombe awe wa kwanza kutia dole gumba kwenye karatasi yenu. Ndiyo, karatasi ya madai. Feni zibaki, mapumziko yabaki, kiwango kishuke, mjamzito apewe kiti na kazi nyepesi. Mtafute mwakilishi wa chama chenu, na kama amelala mwamsheni. Nakala moja iende kwa mkaguzi wa kazi. Ofisini kwa Vuthy usiingie tena bila mtu, na kahawa yake aimalize mwenyewe.

Unaweza kuikosa kazi, sikufichi. Ila ukikubali leo, mwezi ujao atataka mia na themanini, na utakuwa unamwangusha rafiki yako kwa kinywa chako.

Ulichokisema pale sakafuni kilikuwa sahihi, neno kwa neno, na kilikuwa chako. Jumamosi simama kwa miguu yako, ukiseme tena mbele ya Vuthy kwa sauti uliyozaliwa nayo. Akiuliza ni nani anayesema, mtajie jina lako na la baba yako.