Dawa ya Tauni Haigawanywi Kama Bukari

Kapata, Kolwezi, tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa mudogo wangu Mechack,

Habari ya huko Ituri? Unakula, unalala? Mi niko muzima, hata ninanenepa. Lori yangu ikifika Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, bamama ba soko wananiita Patron, bosi mukubwa, na hawakosei. Mama yetu Tshibola anaumwa magoti, lakini kinywa chake hakijaumwa hata kidogo.

Sasa tuje ku upumbavu wako. Mianda, huyu anauzaga vitenge, ametoka kwenu. Alituambia tauni ilikushika, uvimbe ukatoka ku kinena, ukachomwa sindano, ukapewa vidonge vya kumalizia nyumbani. Tukashukuru Mungu. Kumbe homa iliposhuka tu, ulirudi ku shimo la dhahabu na vidonge vyako, ukavigawia ekipe yote, kila mutu kimoja, sawa vile munagawaga bukari, ugali wetu, juu creuseur, muchimbaji wa shimo, hakuli peke yake.

Bandugu, ile njo akili? Banaume bazima, wenye ndevu, wanatafuna dawa ya mugonjwa sawa karanga za kilio.

Sikiliza mutu mwenye kutembea. Hii nilielezewa na dokta wa Ndola, kule Zambia, kwa Kiingereza, nikaelewa yote, karibu yote, na binti yangu Jémima anayesoma uuguzi anasema ni kweli. Mu damu kuna askari wenye kumeza mikrobe. Ya tauni ikimezwa, ingine haikufi. Inakaa mulemule mu tumbo la askari, inakula, inazaa. Unamujua huyo mutu: ni mwizi wa mawe ya madini mwenye kupita bariere ya polisi amejificha mu gari yao yenyewe. Homa inaisha, yeye angali ndani. Ukiacha dawa, anatoka na bandugu yake bote.

Mianda anasema jioni joto inakurudilia, na weye unasema ni uchovu. Uchovu wa nini? Tangu Kapata hatujakuona ukichoka, juu hatujakuona ukifanya kazi.

Mama hatukumuambia tauni, anafikiri ni malaria. Usinipe kazi ya kumuambia jambo ingine.

Jémima anakusalimia. Salimia ekipe yako, hao mbuzi, na baje bapimwe nao.

Mianda anarudi huko na barua hii, lakini nilimukataza kukupa ku shimo. Nilimuambia akudanganye kwamba Mama ametuma kitu, na kwamba kinapatikana ku hospitali tu. Basi kama unasoma hapa, umekaa ku benchi ya hospitali. Usinyanyuke mupaka muuguzi akuite. Umuambie ukweli wote. Akikutukana, ujue ninamusaidia.

Mungu akuweke, hata kama hustahili.

Kaka yako, anayekutukana juu anakupenda,
Ntambwe